Moyo na Mwili: Habari za Imani na Uponyaji katika Nchi ya Uzaramo

Mtu atokaye Dar es Salaam kwa barabara ya Morogoro, akiisha kupita Kibaha, hufika Mlandizi kabla ya kushuka katika bonde la mto Ruvu. Wenyeji wa huku ni Wazaramo na Wakwere, na pamoja nao wamekaa watu wa makabila mengi walioletwa na barabara na kazi. Sisi tuliofundisha huku miaka mingi tumeona kwamba mgonjwa wa Mlandizi ana milango mitatu ya kubisha: mlango wa kituo cha afya, mlango wa mganga, na mlango wa kanisa. Mara nyingi huibisha yote mitatu kwa juma moja, wala hamwambii mwenye mlango huu kwamba ametoka mlango ule.

Kwa hiyo walimu na wachungaji huulizwa swali ambalo haliepukiki. Je, ni kweli kwamba mawazo, hofu na huzuni za mtu zaweza kuuguza mwili wake, na imani yaweza kuuponya? Na kama ni kweli, mpaka wake uko wapi? Wako wenzetu wanaojibu, "Ni kweli," bila kupima neno. Wako wengine wanaosema, "Huo ni ushirikina mtupu." Twaona kwamba majibu yote mawili yamepata kuwadhuru watu, nasi twataka kuonyesha hayo kwa habari za nchi yetu.

Tuanze na lugha, maana lugha hukumbuka mambo ambayo wenyewe tumekwisha kuyasahau. Mswahili anapotaka kutapika husema moyo wamchafuka, ingawa kinachomsumbua ni tumbo. Mwenye wasiwasi wa shauri lisilokwisha husema ana tumbo joto. Aliyekata tamaa amekufa moyo, naye bado yu hai. Neno uchungu latumika kwa mama azaaye, kwa mtu aliyefiwa, na kwa ladha ya mwarobaini. Neno uzima ni afya, na tena ni uhai wenyewe, na tena ni hali ya kitu kisichopungua. Hata neno mganga latoka katika kuganga, yaani kufunga kilichovunjika na kuunga kilichoachana. Nao wazee hutuambia, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo," wakitumia maneno ya ugonjwa na ya uganga kwa mambo ya ugomvi na mapatano. Basi hao waliotuachia lugha hii hawakujenga ukuta kati ya moyo na mwili.

Desturi za Uzaramo zilisimama juu ya msingi huo huo. Mtu akiugua ugonjwa wa siku mbili tatu, alipewa majani na mizizi bila maneno mengi. Lakini ugonjwa ukikawia, swali liligeuka. Watu hawakuuliza tena, "Ni ugonjwa gani?" bali, "Watoka kwa nani?" Hapo ndipo ilipopigwa ramli, ili ijulikane kama ni mizimu ya ukoo iliyosahauliwa, au pepo, au mchawi. Ikiwa ni pepo, ilichezwa ngoma ya madogoli. Jamaa walichanga mali, wakakusanyika, wakakesha na mgonjwa wao.

Yafaa tulitazame jambo hili kwa haki. Mgonjwa aliyekuwa peke yake na hofu yake alizungukwa na watu. Kilichomtisha bila jina kilipewa jina. Jamaa waliokuwa hawasemezani walilazimika kukaa mkeka mmoja. Si ajabu kwamba wengine waliinuka asubuhi wakiwa wepesi. Walakini desturi hiyo ilikuwa na upande wake wa giza. Jibu la ramli likiwa ni mchawi, lazima mchawi apatikane, na mara nyingi aliyepatikana alikuwa mtu asiye na wa kumtetea, kama mwanamke mzee au mjane. Hofu ya mmoja ilitulizwa kwa mateso ya mwingine.

Ndipo wakaja wamisionari. Mapadre wa Roho Mtakatifu walijenga Bagamoyo mwaka 1868. Walutheri wa chama cha Berlin walifika Dar es Salaam mwaka 1887, wakajenga Kisarawe mwaka 1892 na Maneromango mwaka 1895. Mmoja wao, Martin Klamroth, aliandika kwa bidii habari za dini ya Wazaramo, na katika hizo habari za Kolelo wa milima ya Uluguru, ambaye watu wa mabonde walimwendea kwa ajili ya mvua na mavuno. Wamisionari walileta Injili, shule na dawa, wakakataza ngoma za pepo na ramli. Katika mengi walifanya vema. Lakini walipouondoa ule usiku wa kukesha na mgonjwa, mara nyingi hawakuweka kitu mahali pake. Mkristo aliyeugua alikunywa dawa ya misheni mchana, na usiku akaenda kwa mganga kwa siri. Basi alikuwa na ugonjwa wake, na juu yake akaongeza hofu mpya ya kugunduliwa na mwalimu.

Mwaka 1905 nchi hii ilionyeshwa kwa uchungu mpaka wa nguvu ya imani juu ya mwili. Kinjikitile Ngwale, aliyekaa Ngarambe, aliwapa watu maji ambayo, kama walivyosadiki, yangegeuza risasi za Wadachi kuwa maji. Vita ikaanza katika milima ya Umatumbi, ikaenea mbali, hata ikagusa Uzaramo. Naye Kibasila wa Kisangire akanyongwa na Wadachi. Hatuwezi kusema kwamba imani ile haikuwa na nguvu. Iliunganisha makabila yaliyokuwa hayajapata kusimama pamoja, ikaondoa woga katika mioyo ya watu walioonewa kwa kodi na kwa kazi ya lazima katika mashamba ya pamba. Hayo yote ni kazi ya moyo, na moyo uliyatimiza. Lakini risasi haiuliza mtu anasadiki nini. Vita ilipokwisha mwaka 1907, watu wengi mno walikuwa wamekufa, na waliokufa kwa njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa vitani.

Tangu siku zile wataalamu wamechunguza jambo hili kwa vipimo. Mwaka 1915 Walter Cannon wa Marekani alieleza jinsi hofu na hasira zinavyobadili mwili: moyo hupiga mbio, damu huliacha tumbo na kuiendea misuli, na tezi zilizo juu ya figo humwaga katika damu maji yanayouamsha mwili wote. Mwaka 1942 akakusanya habari za watu wa nchi mbalimbali waliokufa baada ya kuambiwa kwamba wamerogwa, akasema kwamba huenda hofu yenyewe iliwamaliza. Wengine wamebishana naye juu ya maelezo hayo. Lakini mwaka 1990 madaktari wa Japani walieleza ugonjwa ambao kwao moyo hudhoofika ghafula na kuvimba upande mmoja, na mara nyingi humpata mtu baada ya msiba au fadhaa kuu. Wakauita kwa jina la chungu ambacho wavuvi wao hunasia pweza, kwa kuwa moyo huo umefanana nacho. Basi Mswahili asemapo kwamba fulani amevunjika moyo, hasemi mfano mtupu.

Nasi hatuna haja ya kwenda Japani. Mwaka 1962, tarehe 30 Januari, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wasichana 3 walianza kucheka na kulia wasiweze kujizuia. Hali ile ikawashika wenzao, hata ikafika 95 kati ya 159, na shule ikafungwa mwezi wa Machi. Wasichana walipokwenda makwao, hali ikaenda nao. Huko Nshamba watu 217 walipatwa. Madaktari walipima damu na chakula, wasione sumu wala kijidudu. Hakufa mtu. Walimu wao hawakupatwa. Wasichana wale hawakuwa wakifanya mzaha; miili yao ilisema jambo ambalo vinywa vyao havikupata nafasi ya kulisema.

Upande wa kupona nao umechunguzwa. Mwaka 1955 daktari wa Marekani, Henry Beecher, alionyesha kwamba wagonjwa wengi hupata nafuu wapewapo kidonge kisicho na dawa ndani yake, mradi wasadiki kwamba ni dawa. Hesabu zake zilikosolewa baadaye, lakini jambo lenyewe limesimama: tumaini laweza kupunguza maumivu, kichefuchefu na kukosa usingizi. Halijaonekana kuua kijidudu wala kuyeyusha uvimbe.

Mpaka huo tumeuvuka mara nyingi. Katika miaka ya 1970 Edmund John, Mwanglikana asiye padre, nduguye Askofu Mkuu John Sepeku wa Dar es Salaam, aliwaombea wagonjwa makundi kwa makundi mpaka alipofariki mwaka 1975. Aliwataka watubu na kuzitupa hirizi zao, na wengi walishuhudia kwamba walifunguliwa katika hofu ya miaka mingi. Hilo ni jambo kubwa. Lakini mwaka 2011 nchi nzima iligeuza uso kuelekea Samunge, Loliondo, ambako Ambilikile Mwasapile, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, aliuza kwa shilingi 500 kikombe cha maji ya mizizi ya mugariga, akisema kwamba Mungu amemwonyesha katika ndoto kuwa yaponya UKIMWI, kisukari na magonjwa mengine. Magari yalipangana safu ya kilomita nyingi. Wako waliofia njiani, na wako waliorudi nyumbani wakaacha dawa zao kwa kuwa walijisikia wazima. Hawakusema uongo, kweli walijisikia wazima. Hapo ndipo ilipokuwa hatari.

Twayaandika haya si kama watazamaji. Miaka iliyopita kijana mmoja wa usharika wetu alikohoa na kukonda. Alikuwa amegombana na baba yake kwa ajili ya shamba la mikorosho, wala hawakusemezana mwaka mzima. Sisi, kwa kuwa tulikuwa tumesoma habari za moyo na mwili, tulijiona tumeelewa. Tulisema ugonjwa wake ni uchungu. Tukawakutanisha, wakalia, wakasameheana, tukawaombea. Kijana akalala usingizi, akala, akacheka. Tulishukuru mbele ya kanisa zima. Baada ya miezi 2 akatema damu. Makohozi yake yalipopimwa, ikaonekana kifua kikuu. Yeye alipona kwa dawa za miezi 6. Mtoto wa dada yake, aliyelala naye chumba kimoja katika ile miezi 2 ya furaha yetu, hakupona.

Hatusemi kwamba mapatano yale hayakuwa na faida. Baba yake ndiye aliyemsindikiza kumeza dawa kila asubuhi, hata siku zile dawa zilipomchafua moyo akataka kuziacha. Kama wasingalipatana, huenda kijana angalikufa na dawa ikiwa mkononi. Kosa letu halikuwa kupatanisha. Kosa letu lilikuwa kwamba tuliona nafuu tukaacha kuuliza.

Ndugu walimu, twaomba mtazame tena ile habari ya kipofu katika Injili ya Yohana, sura ya 9. Wanafunzi wa Bwana walipomwona, waliuliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Ni swali lile lile la ramli ya Uzaramo: watoka kwa nani? Bwana alilikataa. Nasi tumwambiapo mgonjwa asiyepona kwamba imani yake ni haba, tumepiga ramli vile vile, ila tumeipiga tukiwa tumevaa kanzu ya kanisa. Paulo hakumlaumu Timotheo kwa tumbo lake, bali alimshauri atumie divai kidogo; tena rafiki yake Luka alikuwa tabibu, wala hatusomi kwamba alimwambia aache kazi yake.

Kwa hiyo sisi hapa Mlandizi tumejiwekea kawaida, nayo si ngumu. Mgonjwa ajapo kwetu, kwanza twamwuliza kama amepimwa, na kama bado, twaenda naye siku ile ile. Pili, hatumcheki mtu aogopaye kurogwa, maana hofu yake ni kitu halisi ndani ya mwili wake, hata kama mchawi hayupo. Twakaa naye, twasikiliza ni nani aliyekosana naye, na tukiweza twawapatanisha. Tatu, twamwombea, na tukiisha kumwombea hatumpi ruhusa ya kuacha dawa. Neno hilo ni la daktari.

Na jamaa wakitaka kukesha na mgonjwa wao, hatuwakatazi tena. Twaenda na taa zetu, tukakaa nao hata alfajiri.