SHABAHA ISIYO NA ROHO: Historia fupi ya kulenga kitu kinachokwenda



Ndugu wazazi na wanafunzi wetu wa Busia na Tororo, pande zote mbili za mpaka. Katika likizo iliyopita tuliwakuta vijana wetu watano nyuma ya madrasa. Walikuwa wamemfunga mjusi kwa uzi kwenye mwembe, nao wanamlenga kwa manati kwa zamu. Tulimfungua yule mjusi, tukawakalisha chini tukawaeleza. Walisikiliza vizuri, kisha mmoja akauliza: "Maalim, kopo limesimama tu, halina kazi. Tukitaka kulenga kitu kinachokwenda, tufanyeje?"

Swali hilo ni zuri, na jibu lake lina historia ndefu.

Kwanza ifahamike kwamba Uislamu haukukataza kulenga. Katika Suratul Anfaal, aya ya 60, Allaah (S.W.) anawaamrisha Waumini kuandaa nguvu waziwezazo, na Mtume (S.A.W.) alifafanua juu ya mimbari kwamba nguvu hiyo ni kurusha mishale, akalirudia neno hilo mara tatu. Ameipokea 'Uqba bin 'Aamir (R.A.), nayo imo katika Sahih Muslim. Na katika Bukhari tunasoma kuwa Mtume (S.A.W.) aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawatia moyo na kuwakumbusha kwamba baba yao Ismail (A.S.) alikuwa mrushaji hodari.

Lakini mazoezi hayo yaliwekewa mpaka. Abdallah bin 'Umar (R.A.) aliwakuta vijana wa Kiquraishi wamemsimamisha ndege wanamlenga, na wamekubaliana kwamba kila mshale unaokosa ni wa mwenye ndege. Walipomwona wakatawanyika. Akawaeleza kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kitu chenye roho kuwa shabaha. Anas bin Maalik (R.A.) naye aliwakuta vijana wakimfanyia kuku hivyo hivyo, akawakataza. Tazameni, wazazi wenzetu: wale walikuwa vijana kama wetu, na mchezo ulikuwa ule ule wa mwembeni.

Basi waliotaka kulenga mwendo walifanyaje? Mamluk wa Misri walikuwa na mchezo ulioitwa qabaq, neno la Kituruki lenye maana ya kibuyu. Kibuyu kiliwekwa juu ya mlingoti mrefu, na mpanda farasi akakilenga huku farasi anakimbia. Shabaha imetulia, mlengaji ndiye anayekwenda. Sultani Baybars aliutengea mchezo huo uwanja wake mjini Cairo mwaka 666 Hijriya (1267-1268). Hata hivyo, wanahistoria wa Misri wameandika kwamba mara nyingine njiwa aliwekwa ndani ya kibuyu, aruke kikipasuka. Hapo tunajifunza kwamba jambo kufanywa na Masultani wa Kiislamu hakulifanyi kuwa Sunna.

Wazungu nao walichelewa. Katika mashindano ya Paris ya mwaka 1900 njiwa hai walirushwa na kupigwa risasi kwa mamia, ilhali tangu mwaka 1880 Mmarekani George Ligowsky alikwisha tengeneza kisahani cha udongo kinachorushwa hewani na mtambo badala ya ndege. Mwaka 1908, katika Olimpiki ya London, walilenga sanamu ya paa iliyokokotwa juu ya reli.

Na hapa kwetu? Wazee wa Afrika ya Mashariki hawakungoja mtambo. Watoto wachungaji walisuka pete ya fito, au wakakata kipande cha mviringo cha shina la mgomba. Mmoja akakibiringisha kwa kasi, wenzake wamejipanga upande mmoja na vijiti vilivyochongwa, kila mmoja akijaribu kukichoma kinapopita. Hivyo ndivyo mtoto alivyozoesha jicho na mkono kabla hajakabidhiwa mkuki. Kisha ikaja baiskeli. Usafiri wa boda boda ulianzia mpakani hapa hapa katika miaka ya 1960, na tairi kuukuu likawa pete nzuri kuliko ya fito.

Kwa hiyo tuliwajibu vijana wetu kwa vitendo. Tulifunga kamba baina ya miti miwili, upande mmoja juu, mwingine chini. Tukatia pete ya waya, na kwenye pete tukaning'iniza chupa tupu ya plastiki. Ukiiachia, inateremka yenyewe. Siku ya kwanza wote walikosa, kwa kuwa waliilenga pale ilipo. Mtoto wa miaka tisa ndiye aliyegundua kwamba lazima ulenge mbele yake kidogo, kokoto na chupa vikutane njiani.

Masharti tuliyoweka ni haya: walengaji wote wasimame mstari mmoja, asiwepo mtu wala mnyama nyuma ya shabaha, anayeiachia chupa ajikinge nyuma ya mti, na mtu mzima awepo. Ama bunduki, hiyo si mchezo, na sheria za Kenya na Uganda zote zinakataza kuimiliki bila kibali.

Wazazi, msiwanyang'anye watoto manati mkaishia hapo. Mtoto aliyenyang'anywa atatengeneza nyingine na kujificha. Mpeni shabaha isiyo na roho, na mwambieni kwa nini. Mwembe wetu sasa una kamba, na mijusi wanaota jua kwa amani.

Wallaahu a'alam. Wabillaahi tawfiq.