Neno la leo: Pima

Pima ni kitenzi, na pia ni jina la kipimo. Nyosha mikono yote miwili: kutoka ncha ya vidole vya kulia hadi vya kushoto ni pima moja, yaani dhiraa nne au shibiri nane, karibu mita 1.8. Hapa Dilala, Kolwezi, neno hili lina kazi. Kanuni za madini za Kongo haziruhusu shimo la mchimbaji mdogo kuzidi mita 30 kwenda chini. Hizo ni pima 16 na ushei. Basi kamba ya kuvutia magunia ipigwe fundo kila pima. Ndugu mchimbaji, ukihesabu fundo la 16, usichimbe tena.