Geji Ilikwama Mara 14, Kufuli Halikuwepo

Juzi tuliamka tukadhani kunanyesha, kumbe hakuna mvua. Tangi la maji lililo juu ya ploti yetu lilikuwa limejaa usiku, pampu ikaendelea kusukuma, na maji yakashuka ngazi mpaka mlangoni kwa mama wa duka. Msimamizi wa ploti alipoulizwa hata hakushtuka. "Hilo boya hukwamanga hivyo," akasema. "Ukipanda ukaligonga kidogo linaachilia." Limekwama mara ngapi? Hakuwa amehesabu.

Sawa, maji ni maji. Unapiga deki, unalalamika kwenye grupu ya WhatsApp ya ploti, maisha yanaendelea. Lakini hayo maneno "hukwamanga hivyo" yamenikaa kichwani, kwa sababu nimewahi kusoma kitu kama hicho kwenye ripoti ya uchunguzi kutoka Uingereza. Kule kilichokuwa kinamwagika kilikuwa petroli.

Kwa hivyo leo wacha tuongee historia kidogo. Si ile ya mtihani.

Kaskazini mwa London, karibu na mji wa Hemel Hempstead, kulikuwa na bohari kubwa la mafuta linaloitwa Buncefield. Lilifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Mafuta yalifika hapo kwa mabomba matatu ya chini ya ardhi, yakawekwa kwenye matangi, kisha yakaondoka kwa malori. Mafuta ya ndege yaliendelea kwa bomba jingine hadi uwanja wa Heathrow. Kufikia 2005 mafuta yaliyopita hapo yalikuwa yameongezeka mara nne kuliko wakati bohari linajengwa. Shika hapo kwanza, kazi mara nne.

Jumamosi jioni, tarehe 10 Desemba 2005, kama saa 1 hivi, tangi namba 912 lilianza kujazwa petroli. Ni tangi la lita milioni 6. Ndani yake kulikuwa na geji iliyopima kimo cha mafuta na kutuma namba kwenye skrini ya chumba cha kudhibiti mitambo. Saa 9 na dakika 5 usiku ile geji ikakwama. Skrini ikaonyesha tangi limejaa theluthi mbili, na ikabaki hivyo hivyo. Petroli iliendelea kuingia, kama lita 550,000 kila saa, lakini kwa mtu anayeangalia skrini hakuna kilichosonga.

Utauliza, si kulikuwa na king'ora? Kulikuwa na ving'ora, tena zaidi ya kimoja, cha kimo cha juu na cha juu zaidi. Shida ni kwamba vyote vilisubiri habari kutoka kwa geji ile ile. Geji ikisema tangi ni theluthi mbili, ving'ora vyote vinaamini. Ni kama kuuliza watu watatu saa ngapi, na wote watatu wanachungulia saa moja iliyosimama.

Wahandisi si wajinga, walilijua hilo. Ndiyo maana juu kabisa ya tangi kuna kifaa kingine kisichoitegemea geji kwa lolote, swichi ya mwisho. Mafuta yakifika pale juu, swichi inapiga king'ora chake yenyewe na kufunga vali, hata kama binadamu wote wamelala. Tangi 912 lilikuwa nayo, tena mpya, iliwekwa Julai 2004.

Sasa hapa ndipo nilipoiweka simu chini nikatazama dari.

Swichi ile ilikuwa na mkono mdogo wa kujaribia. Mkaguzi akitaka kuhakikisha inafanya kazi, anausogeza ule mkono, king'ora kinalia, anaridhika. Akimaliza anaurudisha mahali pake, halafu anaufunga kwa kufuli. Kufuli hilo ndilo lililoushikilia mkono katika hali ya kazi. Bila kufuli, mkono ungeweza kubaki mahali ambapo swichi haioni kitu tena, hata mafuta yapande vipi. Waliofunga kile kifaa walidhani kufuli ni la usalama wa kawaida, la kuzuia watu kushikashika vitu. Hakuna aliyewaeleza vizuri kazi yake. Basi halikuwekwa.

Yaani fikiria. Mtu anapanda juu ya tangi kufanya ukaguzi, anajaribu swichi, inalia, anaandika kwenye fomu kwamba iko sawa, anashuka. Na kwa kitendo hicho hicho cha kuikagua ameiacha imekufa. Fomu haidanganyi, wakati wa kujaribiwa ilifanya kazi kweli. Ila kuanzia dakika ile bohari zima lilikuwa na karatasi inayosema tuko salama, na juu ya tangi hakuna kitu.

Saa 11 na dakika 37 alfajiri petroli ilianza kumwagika kutoka juu ya tangi. Ilishuka pembeni kama maporomoko, ikagonga mabati na vyuma vilivyozunguka tangi, ikapasuka kuwa matone madogo madogo. Baridi ya Desemba, hakuna upepo. Kamera za usalama zilinasa ukungu mweupe ukitambaa ardhini, ukitoka nje ya ukuta wa kuzuia mafuta, ukielekea maegesho ya magari na ofisi za jirani. Katikati ya haya, kasi ya bomba iliongezeka hadi takriban lita 890,000 kwa saa. Wafanyakazi wa Buncefield hawakuwa na mamlaka juu ya bomba lile, liliendeshwa na kampuni nyingine kutoka kwingine. Zaidi ya lita 250,000 zilikuwa zimemwagika wakati saa 12 na dakika 1 asubuhi wingu lile liliposhika moto.

Mlipuko ule ulinaswa na mitambo ya kupima matetemeko ya ardhi. Matangi zaidi ya 20 yaliungua, na moto ulidumu siku tano. Watu 43 waliumia, kama 2,000 wakahamishwa makwao. Maji na povu la kuzimia moto vilivuja pamoja na mafuta na kuchafua maji ya chini ya ardhi. Hakuna aliyekufa. Ilikuwa Jumapili alfajiri, na eneo la viwanda la Maylands pale jirani, ambalo siku ya kazi hujaa watu, lilikuwa tupu. Toa hiyo bahati, weka Jumatatu saa 4 asubuhi, uone ungesoma nini.

Nikirudi kwa ile geji. Wachunguzi walifungua kumbukumbu wakakuta kwamba kati ya tarehe 31 Agosti na siku ya mlipuko, geji ya tangi 912 ilikuwa imekwama mara 14. Kumi na nne, katika muda wa kama miezi mitatu na nusu. Wakati mwingine wasimamizi wa zamu waliikwamua wenyewe kwa kuiinua hadi juu kisha kuiacha ishuke. Wakati mwingine mwanakandarasi aliitwa, akairekebisha, akaenda. Mara nyingine haikuandikwa hata kitabuni. Chanzo cha kukwama hakikuwahi kupatikana.

Ni rahisi kuwacheka wale wasimamizi wa zamu, na mimi siwacheki. Walifanya kazi zamu za saa 12. Walikuwa na skrini moja ya matangi yote, kurasa zikifunikana, kwa hivyo tangi unalolihofia laweza kuwa chini ya mengine. Mafuta yalikuja kwa mabomba ambayo mawili kati ya matatu hawakuyadhibiti. Na kazi, kumbuka, ilikuwa imeongezeka mara nne. Mtu wa namna hiyo akikuta geji imekwama anaikwamua na kuendelea, kwa sababu lori linasubiri na bomba halisubiri. Kosa lililonisumbua ni la walioketi juu yake, wenye bajeti na saini, ambao kwao kukwama mara 14 hakukugeuka kuwa swali.

Mahakama ilifika huko pia. Mwaka 2010 kampuni tano ziliadhibiwa. Total ilitozwa faini ya pauni milioni 3.6, kampuni ya ubia iliyoendesha sehemu ile ya bohari ikatozwa pauni milioni 1.45, na wenye bomba pauni 300,000. Aliyetengeneza swichi na aliyeifunga walitozwa pauni 1,000 kila mmoja. Hizo namba za mwisho nilizisoma mara mbili. Ukijumlisha gharama za kesi, jumla yote ilipita pauni milioni 9, huku hasara ya tukio lenyewe ikikadiriwa kukaribia pauni bilioni moja.

Kuna watu walisema wakati ule kwamba hakuna aliyeweza kutarajia. Kwenye makaratasi ya bohari, balaa kubwa walilofikiria lilikuwa dimbwi la mafuta linalowaka, si wingu linalolipuka. Lakini historia ilikuwa imeshasema. Newark, Marekani, 1983, tangi la petroli lilijazwa kupita kiasi, wingu likalipuka. Naples, Italia, 1985, vivyo hivyo. Laem Chabang, Thailand, 1999, tena. Kila nchi iliona ajali ya nchi nyingine kuwa habari ya kigeni.

Na baada ya Buncefield? Tarehe 23 Oktoba 2009, huko Bayamón, Puerto Rico, meli ilikuwa inashusha petroli kwenye matangi ya kampuni ya Caribbean Petroleum. Mfumo wa kompyuta wa kusoma vimo ulikuwa haufanyi kazi, kwa hivyo wafanyakazi walikadiria kwa hesabu tangi litajaa saa ngapi. Hesabu haikutoka. Tangi likafurika, wingu likatambaa, likalipuka, matangi 17 yakaharibika. Ripoti za kwanza za Buncefield zilikuwa zimechapishwa tayari, kwa Kiingereza, bure, mtandaoni.

Sasa kwetu. Bomba la mafuta kutoka Mombasa hadi Nairobi lilianza kazi 1978, kama kilomita 450. Tuna matangi Kipevu, tuna matangi Nairobi katika eneo la viwanda, na miji imekua ikayafuata mpaka ikayakumbatia. Tarehe 12 Septemba 2011, kule Sinai, petroli ilivuja kutoka kwa miundombinu ya bomba, ikafuata mtaro hadi kwenye nyumba za watu, ikashika moto. Zaidi ya watu 100 walikufa. Sinai haikuwa tangi kufurika, na sitaki mtu achanganye hayo mawili. Lakini inatuambia umbali kati ya petroli yetu na vitanda vyetu. Buncefield ilikuwa na maegesho na ofisi tupu za Jumapili. Sisi Jumapili alfajiri tuko nyumbani, na nyumbani ndipo hapo.

Ndiyo maana nikisikia afisa yeyote akisema matangi yana vifaa vya kisasa vya kuzuia kufurika, mimi sishangilii bado. Buncefield ilikuwa navyo. Ninachotaka kujua ni lini swichi ya mwisho ilijaribiwa yote, kuanzia juu ya tangi mpaka vali ikafunga kweli, na nani alirudi kuangalia kwamba baada ya jaribio iliachwa katika hali ya kazi. Nataka kujua geji imekwama mara ngapi mwaka huu na nani anaziona hizo namba. Taasisi ya Petroli ya Marekani ilitoa toleo jipya la mwongozo wake wa kuzuia matangi kufurika mwaka 2012, na majaribio ya mara kwa mara yamo. Kinachokosekana ni sisi kuuliza, na majibu yawekwe wazi mahali ambapo mtu wa Mukuru au Changamwe anaweza kuyasoma. Waingereza waliyaanika yao yote, pamoja na aibu ya kufuli. Ripoti zetu nyingi huishia kabatini.

Jana nilimpata msimamizi wa ploti akifagia. Nikamuuliza, kwa heshima kabisa, mara ya mwisho alipanda lini kuinua lile boya kwa mkono aone kama pampu inazima.

Akaniangalia. "Kwani limeharibika tena?"