Viumbe wa Usanisinuru katika Ziwa Tanganyika: Historia Fupi ya Maarifa na Majina

Ndagala wanaoanikwa kwenye fukwe za Bujumbura hawaonekani kuwa na uhusiano wowote na jani. Hata hivyo, kila ndagala ni zao la usanisinuru, yaani kazi ya kutumia nguvu za mwanga wa jua kutengeneza sukari kutokana na maji na kabonidioksaidi. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470 na kingo zake nyingi huporomoka ghafla. Kwa hiyo mimea yenye mizizi imebaki na ukanda mwembamba wa pembezoni. Sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanywa na viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoelea katika tabaka la juu lenye mwanga. Makala haya yanadai kwamba fasili iliyozoeleka madarasani, isemayo kuwa usanisinuru ni njia ya mimea ya kijani kujitengenezea chakula, ni finyu mno kwa watu wanaoishi kwa samaki wa ziwa hili.

Fasili hiyo ina historia yake. Mwaka 1779 Jan Ingenhousz alionyesha kwamba ni sehemu za kijani za mmea pekee, tena zikiwa katika mwanga, zinazosafisha hewa. Wakati huo viumbe hai waligawanywa katika himaya mbili, mimea na wanyama, na chochote kisichokuwa mnyama kilisukumwa upande wa mimea. Ndivyo uyoga ulivyohesabiwa kuwa mmea, ingawa hauna umbijani na huishi kwa kula masalia ya viumbe wengine.

Wataalamu waliofika Tanganyika walikuja na mgawanyo huo huo. J. E. S. Moore, katika safari zake za 1896 na 1899, alivutwa zaidi na konokono waliofanana na wa baharini. Safari ya W. A. Cunnington ya 1904–1905 ndiyo iliyokusanya mwani kwa makini, na mwaka 1907 G. S. West alichapisha taarifa juu yake. Humo, kama ilivyokuwa desturi ya wakati ule, viumbe wa rangi ya bluu-kijani waliwekwa katika kundi moja na mwani mwingine. Mwaka huo huo wa 1905, Konstantin Mereschkowsky alikuwa akidai nchini Urusi kwamba viwiliwili vya kijani vilivyomo ndani ya seli za mimea vilitokana na viumbe wa jamii hiyo ya bluu-kijani. Wengi walimpuuza, mpaka Lynn Margulis alipoifufua hoja hiyo mwaka 1967.

Mabadiliko yalifuatana haraka. Mwaka 1969 Robert Whittaker aliipa kuvu himaya yake. Mwaka 1978 Roger Stanier na wenzake walipendekeza viumbe wa bluu-kijani watajwe kwa kanuni za majina ya bakteria, kwa kuwa seli zao hazina kiini. Kwa hiyo orodha ya wanaofanya usanisinuru ina mimea, mwani wa aina nyingi (wakiwemo daiatomu wenye maganda ya silika), sianobakteria, na bakteria wengine ambao hawatoi oksijeni. Kuvu hawamo kabisa.

Hapa Kiswahili kina bahati ambayo vitabu havijaitumia. Neno usanisinuru limeundwa kwa usanisi na nuru. Halina mmea ndani yake. Kosa liko katika fasili, si katika istilahi. Neno mwani ndilo lenye utata zaidi: mtu wa pwani huliona na kuwaza majani ya baharini yanayolimwa Zanzibar, ilhali mwanafunzi wa Buyenzi hana picha hiyo. Kuwaita sianobakteria "mwani wa bluu-kijani" kunaongeza kosa juu ya utata, na ni heri jina hilo liachwe.

Suala hili si la wanaleksikografia tu. Viumbe hao huliwa na krasteshia wadogo, krasteshia huliwa na ndagala, na ndagala huliwa na mukeke. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walikadiria kwamba uzalishaji wa ziwa ulikuwa umepungua kwa takriban asilimia 20, jambo ambalo lingeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa karibu asilimia 30. Sababu waliyoitaja ni joto: maji ya juu yanapopata joto zaidi, huwa mepesi na hayachanganyiki vyema na maji ya chini yenye virutubisho. Uvuvi wa kupita kiasi nao una lawama zake, na mjadala juu ya uzito wa kila sababu unaendelea. Lakini anayeamini kwamba mimea pekee ndiyo inayojitengenezea chakula atatazama nyavu tu.

Pepo za kusini-mashariki zinazovuma kati ya Mei na Septemba husaidia kupandisha virutubisho hivyo. Zinapotulia, mnamo Oktoba na Novemba, sianobakteria wa jenasi ya Anabaena huweza kuelea juu na kutanda kama utando wa kijani. Kwa fasili ya darasani, utando huo si mmea, na kwa hiyo haufanyi lolote.