Ngadji na Mgeni Asiyealikwa

Kabla ya bendera ya Mwingereza kufika sehemu ya chini ya mto Tana, Kenya, Mpokomo wa Ngao, Golbanti au upande wa Garsen aliijua mamlaka kwa sikio. Ngadji, ngoma kubwa ya jamii, ilitunzwa na wazee wa chama cha wakijo, mafichoni, mbali na macho ya watu. Asiyeingizwa chamani hakuruhusiwa kuitazama. Aliisikia tu. Ikivuma, kila aliye nyumbani alijua kuna jambo, na kila mmoja aliichora akilini mwake kwa ukubwa na utisho alioujua yeye. Mzee wa wakijo hakuhitaji askari.

Wageni walifuata mto. Wamisheni wa Kimethodisti walijenga Golbanti katika miaka ya 1880, na mwaka 1887 Wajerumani wa Neukirchen wakaanza kazi Ngao. Kaskazini ya delta, Witu ilikuwa chini ya ulinzi wa Ujerumani hadi mkataba wa 1890 ulipoipa Uingereza eneo hilo. Maofisa waliofuata walitaka mashauri yapite kwao, na ngoma inayoamuru watu bila idhini ya bwana DC, mkuu wa wilaya, haikuwa na nafasi katika mpango huo. Mwaka 1902 maofisa hao waliichukua Ngadji. Mwaka 1908 ikaingia Makumbusho ya Uingereza jijini London, ikawekwa ghalani. Iliyokuwa haionwi ila na wachache Tana ikawa haionwi na karibu mtu yeyote London, ila sasa ilikuwa na namba ya rejista.

Wakati ngoma ikilala ghalani, mbali kabisa na Tana watu wengine walikuwa wakitafuta namna ya kumfanya mtu aone kisichokuwepo mbele yake. Mwaka 1968 Ivan Sutherland, huko Marekani, alionyesha kifaa cha kuvaa kichwani kilichochora maumbo mbele ya macho na kuyabadilisha kila mvaaji alipogeuza shingo. Kilikuwa kizito, kikaning'inizwa kwenye dari. Huo ndio msingi wa uhalisia pepe: kifaa hufuata kichwa chako, na dunia ya bandia hugeuka nawe. Sinema iliupokea uhalisia huo kwa hofu. Katika Strange Days ya Kathryn Bigelow, mwaka 1995, watu wa Los Angeles wananunua hisia za wengine zilizorekodiwa, raha na mauaji pamoja, na mnunuzi anaishia kuwa mraibu. The Matrix, mwaka 1999, ikaifanya dunia nzima kuwa gereza lisilo na kuta. Kwa wasanii hao uhalisia pepe ulikuwa mtego wa mtazamaji, na swali la nani anatazamwa lilibaki pembeni.

Nairobi ililigeuza swali hilo. Kundi la The Nest Collective lilikuwa tayari limegongana na dola: filamu yao Stories of Our Lives, iliyoongozwa na Jim Chuchu, ilikataliwa na bodi ya kuainisha filamu mwaka 2014, kwa sababu inasimulia maisha ya Wakenya wanaopenda watu wa jinsia yao. Mwaka 2017 Chuchu na wenzake wakatoa Let This Be a Warning, filamu ya uhalisia pepe. Waafrika wameihama dunia, wamejenga makazi yao katika sayari ya mbali, na siku moja anafika mgeni asiyealikwa. Mgeni ndiye wewe uliyevaa miwani. Unageuza kichwa kushoto, wanakutazama. Unageuza kulia, nako vivyo hivyo, bila furaha. Huna kamera ya kujificha nyuma yake wala kiti cha gizani, na tiketi yako haikukupa ukaribisho. Mimi naiona filamu hii kuwa historia zaidi ya kuwa hadithi ya kesho, maana ndivyo ofisa aliyeichukua Ngadji mwaka 1902 alivyopaswa kutazamwa.

Na kundi lilelile likaifuata historia hiyo yenyewe. Pamoja na Makumbusho ya Kitaifa ya Kenya, makumbusho mawili ya Ujerumani na wasanii wa kundi la SHIFT, walikusanya orodha ya vitu vya Kenya vilivyoko ng'ambo, vikapatikana zaidi ya 32,000. Maonyesho yalifunguliwa Nairobi mwaka 2021, na humo makabati ya vioo yaliachwa matupu. Mtu alisimama mbele ya kioo na kuona taa, rafu na nafasi. Ngadji ni miongoni mwa vitu ambavyo mradi huo ulivisimulia.

Kwa ufundi wa leo ingewezekana kuipiga ngoma hiyo picha za pande zote na kumpa kijana wa Garsen aione kwa miwani, kana kwamba imesimama mbele yake. Wapo wanaoona hilo ni nusu ya kurudishiwa. Tatizo ni la kimila kuliko la mashine: picha hiyo ingempa yeyote mwenye simu kile ambacho wakijo waliwakataza hata jirani zao. Ikibidi kuamua nani aione, wenye neno ni wazee wa Tana, na ni lazima waulizwe kabla kamera haijawashwa. Mzao wa ukoo wa kifalme wa Wapokomo ameshaingia ghalani London na kuiona kwa macho yake, akatoka mikono mitupu. Sheria ya Bunge la Uingereza ya 1963 inawabana sana wadhamini wa makumbusho hayo wasitoe walivyo navyo, na mara nyingi wanaoomba huambiwa watapewa kwa mkopo.