Wana wa Hacı Ömer

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, kijana aitwaye Hacı Ömer alitoka kijiji cha Akçakaya, karibu na Kayseri, Uturuki, akaenda Adana kutafuta riziki. Husimuliwa kwamba mwendo huo wa kilomita zipatazo 300 aliukata kwa miguu. Adana ilikuwa nchi ya pamba. Akaanza na kibarua cha kuchuma, akainuka hadi kuwa mfanyabiashara wa pamba, na mwaka 1948 alikuwa miongoni mwa waasisi wa Akbank mjini humo.

Alizaa wana sita. Sakıp Sabancı, wa pili, alizaliwa 1933. Hakumaliza sekondari, akaingia kazini katika benki hiyo angali kijana.

Baba alifariki 1966. Mirathi ya tajiri ndiyo huvunja koo nyingi: kila mtu na fungu lake, kisha kesi mahakamani. Hawa waliziweka mali zao mwaka uliofuata chini ya kampuni mama moja, Sabancı Holding. Kaka mkubwa, İhsan, alikuwa hai, lakini uenyekiti alishika Sakıp.

Pamba haikuachwa, ila ilipanuliwa. Ndani ya tairi la gari mna matabaka ya kitambaa cha nyuzi ngumu, na ndicho kinacholifanya lihimili mzigo bila kupasuka. Watu waliozoea uzi na vitambaa hawakuwa wageni wa kazi hiyo. Miaka ya 1970 wakaanzisha Kordsa ya kufuma kitambaa hicho na Lassa ya kutengeneza tairi. Mwaka 1988 wakashirikiana na kampuni ya Bridgestone ya Japani.

Sakıp mwenyewe alipendwa na watu kwa mzaha na lafudhi yake ya mikoani, ambayo hakujaribu kuificha. Alikusanya pia khati za Kiarabu, ingawa alizaliwa miaka mitano baada ya Uturuki kuiacha hati hiyo. Leo zinaonyeshwa katika jumba lake la zamani kando ya mlango-bahari wa Bosporus.

Januari 1996 mdogo wake, Özdemir, aliuawa kwa risasi ndani ya makao makuu ya kampuni, Istanbul. Sakıp aliendelea kuongoza hadi alipofariki Aprili 2004. Ndugu wawili, Şevket na Erol, walikuwa bado hai, lakini kiti kilikwenda kwa Güler, binti wa İhsan, aliyeanzia kazi kwenye tairi, Lassa.