Godoro kwa watu wenye uzito mkubwa

Godoro kwa watu wenye uzito mkubwa ni godoro linaloweza kubeba mwili wa mtu mzito usiku kucha bila kubonyea kupita kiasi, na kubaki hivyo kwa miaka kadhaa. Hakuna mpaka rasmi wa "uzito mkubwa" katika suala hili, lakini kwa kawaida huhesabiwa kuanzia kilogramu 100 hivi kwa mtu mmoja.

Wanunuzi wengi huchagua godoro kwa kutazama unene wake na kulibonyeza kwa mkono. Vipimo hivyo viwili havitoshi. Kinachoamua kama godoro la sponji litadumu chini ya mtu mzito ni hasa densiti yake.

Uzito wa mwili na godoro

Mtu akilala, uzito wake hauenei sawasawa. Sehemu kubwa iko kwenye kiwiliwili, hasa nyonga na mabega. Godoro likiwa dhaifu, nyonga huzama kuliko sehemu nyingine na uti wa mgongo hupinda. Mtu huamka akiwa na maumivu ya kiuno. Godoro likiwa gumu mno, mabega na nyonga hubanwa, hasa kwa anayelala ubavu, na mikono hufa ganzi.

Imani kwamba mwenye maumivu ya mgongo anafaa kulalia godoro gumu kabisa haikuthibitishwa na utafiti. Mwaka 2003 jarida la tiba The Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uliofanyika Hispania kwa watu 313 wenye maumivu ya kiuno ya muda mrefu. Waliolalia magodoro yenye ugumu wa wastani walipata nafuu zaidi kuliko waliolalia magodoro magumu. Hata hivyo, godoro ambalo ni la wastani kwa mtu wa kilogramu 60 huwa laini kwa mtu wa kilogramu 120. Kwa hiyo kila mtu hana budi kulipima kwa mwili wake mwenyewe.

Densiti na ugumu

Densiti ni masi ya kitu ikigawanywa kwa ujazo wake. Kwa sponji hutajwa kwa kilogramu katika kila mita ya ujazo. Ugumu ni kitu tofauti: ni nguvu inayohitajika kuibonyeza sponji. Kwa kawaida maabara hupima ugumu kwa kuibonyeza sponji hadi unene wake upungue kwa asilimia 40.

Viwanda vinaweza kutengeneza sponji ngumu yenye densiti ndogo. Sponji ya namna hiyo hupendeza dukani, lakini kuta za vijitundu vyake ni chache au nyembamba. Zikikandamizwa kila usiku huvunjika, na baada ya miezi kadhaa hutokea bonde katikati ya godoro. Joto na unyevu, kama ule wa mwambao, huharakisha uchakavu huo.

Kwa sponji ya kawaida (poliurethani), densiti iliyo chini ya kilogramu 20 haifai kwa mtu mzito. Inayofaa ni ya kilogramu 30 au zaidi. Maneno kama "heavy duty" au "high density" yanayoandikwa kwenye kitambaa hayana maana moja kwa viwanda vyote. Ni afadhali kuuliza namba.

Kupima densiti dukani

Kama muuzaji hajui namba, mnunuzi anaweza kuikadiria kwa mizani na hesabu ndogo. Futi moja ni mita 0.305 na inchi moja ni mita 0.0254. Godoro la futi 5 kwa 6 lenye unene wa inchi 8 lina ujazo wa takriban mita za ujazo 0.57.

* Likiwa na kilogramu 17, densiti yake ni 17 ÷ 0.57, yaani karibu 30.
* Likiwa na kilogramu 10, densiti yake ni 10 ÷ 0.57, yaani karibu 18.

Magodoro hayo mawili yanaweza kufanana kabisa kwa macho. Hesabu hii ina kasoro mbili: kitambaa huongeza uzito kidogo, na baadhi ya sponji huchanganywa na unga wa chokaa ili ziwe nzito. Pia haifai kwa magodoro ya springi.

Aina za magodoro

* Sponji ya kawaida: ndiyo inayopatikana kwa urahisi zaidi Afrika Mashariki. Kwa mtu mzito, unene wa inchi 8 au zaidi unafaa, ili mwili usigusane na chaga. Lakini inchi 10 za sponji hafifu ni duni kuliko inchi 8 za sponji nzito.
* Sponji ya vipande: hutengenezwa kwa mabaki ya sponji yaliyosagwa na kugandishwa. Ni nzito na ngumu. Hufaa kuwa tabaka la chini, juu yake kukiwa na sponji laini zaidi.
* Sponji inayofuata umbo la mwili: asili yake ni utafiti wa shirika la NASA la Marekani katika miaka ya 1960. Hulainika kwa joto la mwili na huhifadhi joto, hivyo huweza kumsumbua mtu mzito katika nchi za joto.
* Mpira wa asili (lateksi): hurudi haraka katika umbo lake na hudumu, lakini bei yake ni kubwa.
* Springi: hupitisha hewa vizuri. Unene wa waya hutajwa kwa namba, na namba ndogo humaanisha waya mnene zaidi. Springi zilizofungwa kila moja katika mfuko wake huwafaa wawili wenye uzito tofauti, kwa kuwa mwepesi haviringiki kuelekea kwa mzito.
* Sufi, pamba na nyuzi za makumbi ya nazi: ni vijazo vya zamani. Sufi na pamba hushindiliwa upesi na huhitaji kuchambuliwa upya. Makumbi hubaki magumu.

Kitanda

Godoro zuri huharibika juu ya kitanda kibovu. Waswahili walikiita kitanda cha kamba "teremka tukaze", kwa kuwa kamba zikilegea mlalaji hulazimika kushuka ili zikazwe. Chaga za mbao zinatakiwa ziwe nene, zisiachane zaidi ya sentimita 7 hivi, na kitanda kipana kiwe na mguu wa katikati.

Matunzo

* Godoro ligeuzwe upande wa kichwani uwe wa miguuni kila baada ya miezi michache. Kama lina pande mbili za kulalia, lipinduliwe pia.
* Nailoni ya dukani iondolewe, kwa sababu huzuia jasho kukauka.
* Sponji ianikwe kivulini; jua kali huifanya iwe ya manjano na kumeguka.
* Ili kujua kama godoro limechoka, kamba huvutwa kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Bonde likizidi sentimita 3 au 4 bila mtu kulilalia, godoro halifai tena.

Mgonjwa mzito asiyeweza kujigeuza hupata vidonda vya kulalia kwa urahisi. Godoro lake lichaguliwe kwa ushauri wa mhudumu wa afya.

Tazama pia

* Densiti
* Kitanda
* Usingizi
* Uti wa mgongo